Kambu na Janga Lijalo la Homa ya Mafua

Mji wa Kambu umekaa kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, upande wa Kibwezi Mashariki katika kaunti ya Makueni, si mbali na Mtito Andei ambako wasafiri wengi huhesabu kuwa nusu ya safari imekwisha. Malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo hupita hapo usiku na mchana, madereva na matingo wao hushuka kula, kuoga na kulala, na basi likisimama, hata kwa dakika chache, wachuuzi hulizunguka wakiuza matunda na maji. Reli ya zamani na ile ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, zinapita katika ukanda huohuo, na kutoka Kibwezi barabara ya lami huchepuka ikavuka Mto Athi kuelekea Mutomo na Kitui. Katika mji mdogo wa aina hii, ambamo wenyeji hujuana kwa majina lakini wageni hubadilika kila saa, ndimo mpango wowote wa taifa wa kukabiliana na janga la homa ya mafua utakamopimwa, kwa sababu ugonjwa unaosafiri kwa pumzi za watu hufuata njia za watu.

Homa ya mafua inayozungumziwa hapa inapaswa kutofautishwa na mafua ya kawaida, yale yanayoleta kamasi na kupiga chafya kisha yakaisha yenyewe bila kumlaza mtu. Homa ya mafua husababishwa na kirusi maalumu, kinachoitwa kirusi cha influenza, nayo huanza ghafla kwa joto kali, maumivu ya misuli na viungo, kikohozi kikavu na uchovu unaomwangusha mtu mzima kitandani. Kila mwaka huua watu katika nchi zote, Kenya ikiwemo, ingawa vifo vyake mara nyingi huandikwa kuwa vya nimonia na hivyo havionekani katika hesabu. Janga ni hatua nyingine: hutokea pale aina mpya ya kirusi hicho, ambayo miili ya watu haijawahi kukutana nayo, inapopata uwezo wa kuambukiza kwa urahisi kutoka mtu mmoja hadi mwingine na kuenea katika mabara yote kwa wakati mmoja.

Upya huo una maelezo yake. Virusi vya kundi A, ambavyo ndivyo vinavyosababisha majanga, vina protini za aina mbili juu ya ganda lao, na wanasayansi huzifupisha kwa herufi H na N; ya kwanza hukiwezesha kirusi kushika chembe hai za njia ya hewa na kupenya, na ya pili huwasaidia watoto wa kirusi hicho kujitoa ndani ya chembe hiyo wakatafute nyingine. Herufi hizo pamoja na nambari zake ndizo asili ya majina kama H1N1 na H5N1. Kirusi kinapojinakili hufanya makosa madogo madogo, na kwa sababu hiyo hubadilika kidogo kila mwaka kiasi cha kulazimisha chanjo nayo ibadilishwe. Lakini hutokea pia, mara chache, kwamba virusi viwili vya aina tofauti, kwa mfano kimoja cha ndege na kingine cha binadamu, vinakutana ndani ya mnyama mmoja na kubadilishana vipande vya urithi wao, kikazaliwa kitu kipya kabisa. Ndege wa majini, hasa mabata wa porini, ni makazi ya asili ya virusi hivi, na nguruwe ni mnyama anayejulikana kwa kuvipokea vya pande zote mbili. Majanga manne yamekwisha kuhesabiwa tangu mwanzo wa karne iliyopita, katika miaka ya 1918, 1957, 1968 na 2009, bila mpangilio wa miaka unaoweza kutabirika.

La mwaka 1918 linawahusu watu wa Ukambani kwa namna ya pekee, kwa kuwa liliingia nchini kupitia njia ileile inayopita Kambu leo. Watafiti waliochambua kumbukumbu za utawala wa kikoloni, akiwemo Fred Andayi na wenzake, wameonyesha kwamba ugonjwa uliingia kwa bahari kupitia Mombasa mnamo Septemba 1918, ukapanda bara ukifuata reli, na katika muda wa miezi tisa hivi ukawa umeua watu wanaokadiriwa kufikia 150,000 katika Kenya, yaani kati ya asilimia 4 na 6 ya wakazi wote wa wakati huo. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vinaelekea mwisho, wanajeshi walikuwa wakisafirishwa, na wapagazi wa Kariakor, wale vijana waliochukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi, wengi wao kutoka Ukambani, Nyanza na mkoa wa kati, walikuwa wakirudi makwao wakiwa wamedhoofika kwa njaa na maradhi. Mvua nazo zilikuwa zimekosekana. Ugonjwa uliwakuta watu wasio na akiba mwilini wala ghalani, na ukawaua zaidi wale ambao kwa kawaida homa ya mafua huwaacha, yaani watu wenye umri wa kati ya miaka 20 na 40, ndio wakulima, wachungaji na wazazi wa watoto wadogo.

Inafaa kuitazama kwa makini sababu ya vifo hivyo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini maandalizi ya leo yanaweza kuleta tofauti kubwa hata kama kirusi kitakuwa kikali. Uchunguzi wa mapafu yaliyohifadhiwa tangu wakati ule umeonyesha kuwa wengi wa waliokufa mwaka 1918 hawakuuawa na kirusi peke yake, bali na bakteria waliofuata nyuma yake na kusababisha nimonia katika mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua bakteria hao, gesi ya oksijeni ya kumsaidia mgonjwa kupumua haikuwafikia wengi, na muuguzi hakuwa na la kumpa zaidi ya maji na blanketi. Leo dawa hizo zipo, mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani zipo, na ipo dawa iitwayo oseltamivir inayopunguza makali ya kirusi chenyewe iwapo itatumiwa mapema, hasa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Tatizo limehama kutoka kwenye kutokuwepo kwa tiba na kuwa tatizo la mahali: je, dawa na oksijeni viko Kambu, Kibwezi na Makindu siku mgonjwa wa kwanza anapofika, au viko bohari Nairobi vikisubiri karatasi ya kuagiza?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa homa ya mafua kuliko kwa magonjwa mengine, kutokana na kasi yake. Mtu aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku moja hadi nne, kwa wastani siku mbili, na huweza kuwaambukiza wengine tangu takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya. UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020 ilichukua kwa wastani kama siku tano kabla ya kudhihirika, na hata muda huo ulionekana mfupi mno kwa kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa. Kwa homa ya mafua, muda wa kumtafuta tingo aliyekula kando ya mgonjwa katika hoteli ya barabarani unakuwa umekwisha kabla jina lake halijajulikana. Yeye mwenyewe amekwisha kufika Malaba au Busia na kuwaambukiza wengine. Kwa sababu hiyo mbinu ya kufunga njia na kutenga watu, iliyotegemewa sana mwaka 2020 wakati Nairobi na baadhi ya kaunti za pwani zilipozuiwa kuingia na kutoka, haiwezi kuwa nguzo ya kwanza. Kinachobaki ni mambo ambayo yamekwisha kuwekwa tayari kabla: wafanyakazi wanaojua la kufanya, vifaa vilivyo karibu, na wananchi wanaoamini wanachoambiwa.

Kenya haijaanzia patupu. Hofu ya homa ya mafua ya ndege, iliyosababishwa na kirusi cha H5N1, ambacho mwaka 2006 kilifika Nigeria, Sudan na Djibouti, iliifanya serikali iunde kikosi kazi cha taifa, iandike mpango wa maandalizi na kuanzisha ufuatiliaji wa kudumu katika hospitali zilizoteuliwa, ambako wagonjwa wenye homa na shida ya kupumua huchukuliwa sampuli za pua na koo na kupimwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Ufuatiliaji huo ulionyesha jambo ambalo madaktari wengi walikuwa hawaliamini, kwamba homa ya mafua iko Kenya mwaka mzima na kwamba watoto wadogo hulazwa kwa sababu yake kwa wingi. Mgonjwa wa kwanza wa janga la mwaka 2009 alipothibitishwa nchini mnamo Juni 29 mwaka huo, katika kundi la wanafunzi kutoka Uingereza waliokuwa wamefika Kisumu, maabara za nchi ziliweza kumtambua haraka na wenzake wakatengwa na kufuatiliwa. Kirusi kilienea hata hivyo katika miezi iliyofuata. Chanjo zilizotolewa kwa msaada zilifika mwaka 2010, wakati wimbi lilikuwa limekwisha kupita. Na kama janga lile lingekuwa kali kama la 1918, zingewakuta wafu.

Lakini mfano ulio bora zaidi wa namna mlipuko unavyogunduliwa hauko Kisumu wala katika homa ya mafua. Uko Makueni na Kitui kwenyewe. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2004 wahudumu wa hospitali za eneo hilo walianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano na ini lililoshindwa kufanya kazi, wengi kuliko kawaida, na wengine wakitoka familia moja. Ugonjwa wa manjano una sababu nyingi, na ingekuwa rahisi kila tabibu kumtibu mgonjwa wake na kuendelea na foleni. Badala yake idadi ile iliripotiwa, virusi vya ini vikapimwa na kuondolewa katika orodha ya washukiwa, na watu wakakumbuka kwamba mwaka 1981 sehemu hizohizo za Makueni ziliwahi kupata sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yalipopimwa sumu ikaonekana. Kufikia Julai 20 mwaka 2004 wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki, idadi ya kuhuzunisha ambayo ingekuwa kubwa zaidi kama hakuna aliyekuwa akihesabu.

Funzo la tukio hilo kwa homa ya mafua ni la moja kwa moja. Mlipuko ule haukugunduliwa kwanza na mashine ya Nairobi. Uligunduliwa na wahudumu walioona kwamba wagonjwa wa wiki hii hawafanani na wa wiki iliyopita, na uliaminika kwa sababu kumbukumbu za mlipuko wa zamani zilikuwa zimetunzwa. Mhudumu wa zahanati ya ndani ya Ivingoni au Thange hawezi kupima kirusi, lakini anaweza kujua kwamba kwa kawaida hupokea watoto watatu wenye nimonia kwa wiki na sasa amepokea kumi na mbili, au kwamba vijana wenye nguvu, ambao huwa hawaji, wameanza kuja wakiwa wanahema. Alama hiyo ya pili ina thamani kubwa, kwa kuwa homa ya mafua ya kila mwaka huwalemea zaidi watoto wachanga na wazee, ilhali yale majanga ya 1918 na 2009 yalijitambulisha kwa kuwaangusha vijana na wajawazito. Kanuni ambayo wahudumu hufundishwa ni nyepesi: mgonjwa mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, aliyeanza kuugua ndani ya siku kumi na anayehitaji kulazwa, ahesabiwe na kuripotiwa katika kundi la maambukizi makali ya njia ya hewa. Ugumu wake uko katika kuirudia kila siku, katika miaka ambayo hakuna kinachotokea, na katika kupata jibu kutoka juu, maana mhudumu anayetuma ripoti mwaka mzima bila kuambiwa zimefanya kazi gani huacha kuzituma, na hastahili kulaumiwa peke yake kwa hilo.

Kumwandaa mfanyakazi wa afya kunaanzia katika kumlinda. Mwaka 2020 Wakenya walimpoteza Daktari Doreen Lugaliki, mtaalamu wa afya ya wanawake aliyefariki mnamo Julai baada ya kuugua UVIKO-19, na baada yake wauguzi, matabibu na madaktari wengine kadhaa. Kufikia Desemba mwaka huo vyama vya wafanyakazi wa afya vilikuwa vimeitisha mgomo, vikidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Watu waliouona mgomo ule kuwa ni ukatili kwa wagonjwa hawakuzingatia kwamba muuguzi mmoja akiugua katika hospitali ndogo, pengine ndiye pekee wa zamu ya usiku, na kwamba kila muuguzi anayelazwa huongeza mgonjwa mmoja na kupunguza mhudumu mmoja kwa mara moja. Katika hospitali ya umma ya Kambu, kama ilivyo katika hospitali nyingine za ngazi yake, ulinzi huo hauhitaji majengo ya fahari. Unahitaji mtu langoni anayeuliza kuhusu homa na kikohozi kabla mgonjwa hajaketi katikati ya wajawazito na watoto wa chanjo. Unahitaji benchi lililowekwa nje chini ya mti au kibanda, kwa kuwa hewa wazi husafisha kirusi kuliko dawa yoyote ya kupuliza, na hali ya joto ya Kambu inaruhusu jambo hilo karibu mwaka mzima. Unahitaji madirisha yanayofunguka na kuachwa wazi. Na unahitaji barakoa ambazo mhudumu hapewi kwa kuhesabiwa moja kwa wiki.

Kuvaa vifaa vya kujikinga ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono hujifunzwa kwa kuifanya, si kwa kuisoma katika bango la ukutani. Ni rahisi kuambukizwa wakati wa kuvua, pale glavu chafu inapogusa uso au barakoa inaposhikwa kwa mbele. Mazoezi ya kuigiza mlipuko yana faida hiyo hiyo kwa hospitali nzima na kwa kaunti: mnamo Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la siku kadhaa katika mpaka wa Namanga, ambapo maafisa wa Kenya na Tanzania wa afya ya binadamu na ya mifugo walikabiliana na mlipuko wa kubuni wa homa ya Bonde la Ufa, wakagundua mahali ambapo taarifa zinakwama na nani hasa ana mamlaka ya kufanya nini. Miezi tisa baadaye, mnamo Machi 13 mwaka 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Hakuna sababu ya kuyaacha mazoezi ya namna hiyo mipakani tu. Zoezi la nusu siku kati ya Kambu, Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, lenye swali moja tu la kujibu, kwamba mgonjwa wa tano anayehitaji oksijeni akifika saa nane usiku mtungi utatoka wapi na utaletwa na gari gani, lingefundisha mengi kuliko semina ya hotelini.

Wananchi nao wana sehemu yao, na hapo daraja ni mhudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000 wa aina hiyo, waliochaguliwa kutoka vijijini mwao, kila mmoja akiangalia kaya mia moja hivi, wakapewa mikoba yenye kipimajoto, kipimo cha shinikizo la damu na vifaa vingine pamoja na simu ya kutuma taarifa. Makueni ilikuwa imewahi kutangulia katika kuifikisha afya karibu na watu, kwa mpango wake wa MakueniCare ulioanza mwaka 2016 na kuziruhusu familia kulipia shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, hivyo wazo la huduma ya afya kuwa karibu na kila familia si geni huko. Mhudumu huyo anajua ni nyumba gani ina bibi mwenye pumu na ni nani anatumia dawa za virusi vya UKIMWI, watu ambao homa ya mafua huwadhuru zaidi. Anaweza pia kufundisha dalili za hatari ambazo zinapaswa kumfikisha mgonjwa hospitalini bila kungoja kesho: kuhema kwa shida, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, mtoto kukataa kunyonya, au homa iliyokuwa imetulia kisha ikarudi kwa nguvu, ambayo mara nyingi ni ishara kwamba bakteria wameingia mapafuni. Posho yake ikicheleweshwa miezi, mpango wote unakaa juu ya moyo wake wa kujitolea, jambo ambalo si haki wala si busara.

Elimu hiyo inapaswa kutolewa kwa lugha ambayo watu huiwazia nyumbani. Redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM husikika katika maduka na matatu kutoka Machakos hadi Kitui Kusini, na daktari wa hospitali ya Makindu akizungumza humo kwa Kikamba chake, akijibu maswali ya wasikilizaji papo kwa papo, atasadikiwa kuliko tangazo lililotafsiriwa. Mwaka 2020 maneno ya uongo yalienea kwa simu haraka kuliko taarifa rasmi, na mengi yalipata nafasi kwa sababu taarifa rasmi zilichelewa au zilisema kwa uhakika mambo ambayo baadaye yalibadilika. Katika janga la homa ya mafua mambo mengi hayatajulikana katika wiki za kwanza, na msemaji anayekiri hivyo mapema, akaeleza ni lini atakuwa na jibu, hubaki na heshima yake pale ushauri unapobadilika. Viongozi wa makanisa, machifu katika mabaraza yao na wazee wa koo wanapaswa kuhusishwa kabla ya dharura, hasa kuhusu mazishi, kwa kuwa kuwazuia watu wasiende matangani kwa amri ya polisi huwafanya waende usiku, ilhali mkusanyiko mdogo wa mchana, nje, uliokubaliwa na familia yenyewe, hupunguza hatari bila kumvunjia marehemu heshima.

Kunawa mikono kunahitaji maji, na hapa ushauri wa kimataifa hukutana na ukame wa Ukambani. Mama anayetembea mwendo mrefu na mitungi ya lita ishirini hawezi kuambiwa aachie maji yatiririke kwa sekunde ishirini kila anapokohoa mtoto. Kibuyu chirizi, yaani chombo kidogo kilichotobolewa na kuning'inizwa ili kitoe mchirizi mwembamba unaotosha mikono miwili, kinatumia maji machache sana, na katika vijiji vya Makueni na Kitui vyenye mabwawa ya mchanga, ambayo huhifadhi maji chini ya mchanga wa mito ya msimu, shule na masoko vinaweza kuwekewa maji ya uhakika. Kila mradi wa maji unaokamilika katika eneo hili ni sehemu ya maandalizi ya janga, ingawa bajeti huuandika katika idara nyingine.

Vivyo hivyo kwa kuku. Karibu kila boma lina kuku wa kienyeji, na wengi husafirishwa hai kwa matenga kwenda kuuzwa mijini. Kuku wanapokufa kwa wingi, watu hudhani ni kideri, ugonjwa unaojulikana pia kwa jina la Newcastle, ambao huwaua karibu kila mwaka, na huwachinja haraka waliobaki au kuwauza kabla hawajafa. Dalili za homa kali ya mafua ya ndege zinafanana sana na za kideri kwa macho. Kirusi cha H5N8 kilionekana kwa ndege wa mwituni pwani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda mnamo Januari 2017, na Kenya ikazuia kwa muda kuku na mayai kutoka huko. H5N1 nayo imekwisha kuwaambukiza zaidi ya watu 900 duniani tangu mwaka 2003, karibu nusu yao wakafariki, ingawa mpaka sasa haijapata uwezo wa kuenea kwa urahisi kati ya watu. Mfugaji anapaswa kujua kwamba kuku waliokufa ghafla hawaliwi wala hawatupwi mtoni, kwamba hushikwa kwa mikono iliyofunikwa na kuzikwa, na kwamba afisa wa mifugo huitwa. Ataita kwa hiari iwapo anajua kwamba hatapoteza kila kitu bila fidia. Mkulima anayeogopa kuchinjiwa kundi lote ataficha, kama mtu yeyote angalificha.

Janga la 2020 liliacha pia somo la kutia moyo upande wa pili wa Mto Athi. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichokuwa kikishona sare, kiligeuza cherehani zake kushona barakoa wakati dunia nzima ilipokuwa ikizigombania na nchi tajiri zikizuia zisitoke kwao, na vijana wa Kitui wakatoa maelfu ya barakoa kila siku. Mkataba wa kudumu kati ya kaunti na viwanda vya namna hiyo, unaosema tangu sasa ni kitambaa gani kitanunuliwa na kwa kiwango gani cha ubora, ungeondoa wiki za kubahatisha.

Kuhusu chanjo, wakazi wa Kambu wanastahili kuambiwa ukweli mapema. Chanjo nyingi za homa ya mafua bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na tangu kirusi kipya kitambuliwe hadi dozi za kwanza zitoke kiwandani hupita miezi mitano au sita, mbali na muda wa kugawana. Mwaka 2011 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba kugawana sampuli za virusi kuambatane na kugawana chanjo zinazotokana nazo, baada ya Indonesia kulalamika kuwa virusi vyake vilitengenezewa chanjo ambazo haikuweza kuzinunua, na mnamo Mei 2025 mkataba mpana zaidi wa majanga ukapitishwa mjini Geneva. Hatua hizo ni za haki na zinafaa kupiganiwa, lakini hata zikitekelezwa kikamilifu, wimbi la kwanza litapita Kambu bila chanjo, na dozi zitakazofika baadaye hazitawatosha wote. Watakaotangulia watakuwa wahudumu wa afya, wajawazito, na wenye maradhi ya kudumu ya moyo, mapafu, kisukari au kinga dhaifu. Majina ya watu hao yamo tayari katika daftari za kliniki ya wajawazito, ya kisukari na ya UKIMWI, yakiwa yametawanyika katika vyumba tofauti. Kuyakusanya katika orodha moja ya siri, kuihuisha kila robo ya mwaka, na kuhesabu kama majokofu ya chanjo yaliyopo yanaweza kubeba dozi hizo juu ya chanjo za watoto, ni kazi inayoweza kuanza mwezi huu bila kungoja bajeti mpya.